Upinde Haununuliwi kwa Kibandiko

Mliokuwepo siku ile mlimsikia kwa masikio yenu, na wengi mlitikisa vichwa kukubali. Mwenzetu alisimama na upinde wake wa makapi mkononi, akatoa darasa kwa sisi Waswahili wa Pennsylvania tunaojiandaa kwa msimu wa kulungu wa Oktoba. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naandika. Nimeyasoma maandishi yangu mara tatu sasa, na kila nikiyarudia naona hoja zake zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Waamuzi ni ninyi.

Hoja yake kuu: nunua upinde wenye kasi kuliko zote ambazo mfuko wako unazimudu, maana mshale wa futi 340 kwa sekunde humfikia kulungu kabla hajashtuka. Tumpe haki yake kwanza. Mshale wa kasi hushuka kidogo njiani, hivyo ukikosea umbali kwa yadi mbili tatu unaweza kusamehewa. Lakini kabla hajashtuka? Tupige hesabu. Yadi 30 ni futi 90. Mshale wa futi 340 unazimaliza kwa sekunde 0.26, wa futi 270, kwa sekunde 0.33. Sauti ya upote, inayokwenda zaidi ya futi 1,100 kwa sekunde, imeshafika kwa sekunde 0.08. Upinde uwe wowote, sauti inatangulia. Tofauti unayoilipia ni sekunde 0.07. Na dakika kumi baadaye mwenzetu huyohuyo akatushauri tununue vipande vya mpira vya kufunga kwenye upote ili kuua sauti, kwa kuwa kulungu ana masikio makali. Kama mshale unamwahi, masikio yake yanatuhusu nini?

Tena hizo futi 340 zimetoka wapi? Kwenye kibandiko cha upinde. Kibandiko hakidanganyi, ila hakimalizi habari. Kipimo hicho hupatikana kwa mvuto wa paundi 70, urefu wa mvuto wa inchi 30, na mshale wa greni 350, ambazo hazifiki gramu 23. Sasa jipime. Tandaza mikono, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, gawa kwa 2.5. Mimi nina inchi 70, kwa hiyo mvuto wangu ni inchi 28. Ukiondoa inchi mbili hizo, ukashusha mvuto hadi paundi 60, ukafunga kitundu cha kuchungulia kwenye upote na kupachika mshale unaofaa kuwindia, futi za kibandiko zinayeyuka kama samli kikaangoni. Wala si msiba. Mshale mzito huenda polepole, lakini hubeba sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya upinde na kuufanya upinde wenyewe upige kelele kidogo. Namibia, ambako uwindaji wa upinde una kanuni zake, haiulizi kasi peke yake. Inataka nguvu ya pigo na uzito wa mshale: angalau greni 350 kwa wanyama wadogo, 400 kwa wa kati, 450 kwa wakubwa. Maana yake ule mshale wa kibandiko, huko, ni wa wanyama wadogo.

Hoja ya pili: mwanamume mzima asishuke chini ya paundi 70, kwani makapi yanakushikia asilimia 80 ya uzito na mkononi zinabaki paundi 14 tu. Hesabu ni sahihi. Ila kabla ya kuzifikia hizo 14 lazima uvuke zile 70. Dukani, umesimama, mwili una joto, unazivuka. Mimi nilizivuka dukani. Novemba nikazikuta nikiwa juu ya mti, nimekaa saa tatu katika baridi, koti nene kifuani. Ilinibidi niuinue upinde juu kama mwenye kuomba mvua ndipo niuvute. Kulungu dume aliyekuwa yadi 18 aliitazama dua yangu hadi mwisho, akaondoka kwa hatua za kawaida, hata mbio hakutoka. Jipime hivi: keti kwenye kiti, inua miguu yote miwili, elekeza mshale kwenye shabaha, uvute bila kuuinua upinde. Ukishindwa, punguza paundi.

Hapo akawaleta Wahadzabe: mbona wanavuta pinde nzito bila makapi wala pini za kulengea? Wanavuta, ndiyo. Wanavuta tangu utotoni, wananyemelea hadi karibu sana, na kwa mnyama mkubwa mshale una sumu ya utomvu wa mimea, ikiwemo waridi la jangwani. Kisha wanafuata nyayo. Asiyekuwa na hata kimoja kati ya hivyo hana haki ya kuwaita mashahidi. Isitoshe, shahidi asiyetumia pini za kulengea aliitwa na mtu ambaye sentensi iliyofuata alikuwa anatusifia saiti yenye pini saba.

Kuhusu vigumba vya kufunguka, alisema vinaruka sawasawa na ncha za mazoezi, basi hakuna haja ya kuvijaribu. Mara nyingi hukaribiana, ni kweli. Lakini upinde ulioko kombo unaweza kufichwa na ncha ya mazoezi usiumbuke. Tandika karatasi kwenye fremu, piga kutoka hatua chache. Tundu la duara lenye mikato mitatu ya manyoya ni dalili njema. Mpasuko wa kwenda pembeni ni kazi ya fundi, na kigumba cha bei yoyote hakiuponyi. Vilevile sehemu ya nguvu hutumika kuzifungua nyembe za vigumba hivyo. Kwa hiyo kuvipendekeza kwa kijana mwenye upinde wa paundi 40, kama alivyofanya, ni kumpunguzia aliyenacho kidogo.

Mwisho alisema upinde wa miaka mitatu umeshapitwa na wakati. Holless Wilbur Allen wa Missouri alipata hataza ya upinde wa makapi mwaka 1969, na tangu hapo umebadilika sana, sikatai. Ila haubadiliki kila Januari. Upinde uliotumika hukaguliwa mbavu zisiwe na nyufa, upote na kamba hubadilishwa, safari inaendelea. Wa kwanza kulijua hilo ni yeye: tulipokuwa tunatoka alikuwa mlangoni anauza wa kwake, wa miaka mitatu, akiapa kwamba haujachoka. Kama bado anao, na kama urefu wa mvuto unarekebishika hadi inchi 28, naomba aniambie bei.