Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nakuru Juu ya Chumvi Wanayolishwa Wachanga

Mheshimiwa Waziri,

Naomba idhini ya kuleta mbele yako, na mbele ya kila mwenye mtoto au mjukuu katika kaunti hii, jambo ambalo kwa wepesi wake machoni pa watu halipati nafasi katika mabaraza yetu, nalo ni vitafunio vya chumvi wanavyopewa watoto ambao bado hawajaachishwa ziwa: krispi za viazi, chevda, bisi, na vile vya unga wa mahindi uliofurishwa kwa mitambo na kutiwa rangi ya chungwa, ambavyo huning'inia vibandani kuanzia Free Area hadi Mwariki katika paketi zenye picha ya mnyama anayecheka, kwa bei isiyomshinda hata mwenye kipato cha kijungujiko.

Rai yangu naitanguliza nisije nikakupotezea wakati. Mtoto asiyetimiza miaka miwili hana haja navyo hata kidogo, na aliyepita umri huo apewe kwa uchache na kwa nadra. Walakini barua hii sikumwandikia mama yake, ambaye amekwisha kuhubiriwa ya kutosha. Nimekuandikia wewe, kwa kuwa yapo katika maudhui haya mambo ambayo Katiba imeyatia mkononi mwa Kaunti, nami ningependa mkono huo unyooshwe.

Hukumu ya wataalamu haina utata mkubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 juu ya chakula cha nyongeza kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, lilitamka kwamba vyakula vyenye wingi wa sukari, chumvi na mafuta mabaya visiliwe na watoto wa umri huo, wala halikutumia maneno laini ya kuvipunguza. Sababu iliyo karibu ni mafigo, ambayo katika mwaka wa kwanza hayajapata nguvu ya kuitoa chumvi iliyozidi kama yafanyavyo mafigo ya mtu mzima. Na maziwa ya mama, kwa hikima ya Muumba, yamekuja na kadiri inayomtosha mtoto katika miezi yake ya mwanzo. Waingereza, ambao ni mahodari wa kupima kila kitu, huwaambia wazazi wao kwamba mtoto wa chini ya mwaka asifikishe gramu 1 ya chumvi kwa siku, na wa mwaka mmoja hadi mitatu asizidishe gramu 2, ilhali mtu mzima mwenyewe ametakiwa na Shirika la Afya Duniani asifikishe gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa.

Na tufanye hesabu ya dukani. Paketi nyingi hazitaji chumvi, hutaja sodiamu, na aghalabu kwa kila gramu 100, hivyo mnunuzi sharti aizidishe sodiamu hiyo kwa mbili na nusu ndipo aijue chumvi yenyewe, kisha airudishe kwenye uzito wa paketi aliyoishika. Tuseme imeandikwa miligramu 600: hiyo ni gramu moja na nusu ya chumvi katika kila gramu 100, na paketi ndogo ya gramu 25 itakuwa imempa mtoto wa chini ya mwaka thuluthi na ushei ya kipimo ambacho hakutakiwa kukifikia mchana kutwa na usiku wake. Hapo hatujagusa mchuzi wa nyumbani uliokwisha kutiwa chumvi na unga wa viungo wa dukani, wala mkate, wala githeri na mboga zilizolainishwa kwa magadi, ambayo wengi hawaihesabu kuwa chumvi kwa kuwa haina ladha ile, ilhali sodiamu imo tele. Ni mama gani, aliyesimama mbele ya kibanda na mtoto mgongoni na matatu ikimpigia honi, atakayezidisha kwa mbili na nusu?

Athari zake haziishi utotoni. Huko Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu waliwagawa wachanga karibu 500 mafungu mawili, fungu moja likalishwa chumvi ya kawaida na la pili chumvi kidogo kwa miezi 6 ya kwanza ya maisha yao, na mwisho wa muda huo shinikizo la damu la hao wa pili lilikuwa chini, kwa kiasi kidogo lakini dhahiri. Miaka 15 baadaye baadhi yao wakatafutwa tena, na tofauti ile ilikuwa bado ipo ingawa katikati hapo kila mmoja alikuwa amekula alivyopenda. Hayo nayataja kwa watu wa Kenya, ambao, kwa uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2015, takriban robo ya wazima wao walikutwa na shinikizo la juu.

Kisha kuna ulimi. Mtoto huzaliwa akiupenda utamu na asiijali chumvi. Huanza kuitambua ladha yake yapata mwezi wa nne, na tangu hapo matamanio yake huenda sambamba na kile anachozoezwa. Aliyezoezwa unga ule wa rangi ya chungwa huuona uji wa wimbi kuwa chapwa, boga lililopondwa akalitema, na managu asiyatazame. Na mlezi, kwa huruma isiyo na kosa, humrudishia kile anachokikubali ili asilale njaa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto 18 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano katika Kenya wamedumaa. Tumbo la mtoto wa namna hiyo ni dogo na kila tonge lina thamani yake, nasi twalijaza upepo uliokaangwa.

Juu ya kupaliwa sitasema mengi, kwa kuwa kila daktari wa watoto hukataza bisi na njugu nzima kwa wadogo, na kipande cha krispi kina ncha. Ila nataka kuondoa shaka moja niliyoisikia kwa watu wenye akili zao, ya kwamba chumvi haiwezi kuwa mbaya maadamu hospitali yenyewe humpa mtoto anayehara maji ya chumvi na sukari. Ile ni dawa iliyopimwa kwa gramu, kwa kadiri ya maji, ili kurudisha kilichopotea. Asiyepoteza kitu hana cha kurudishiwa.

Kinachonikera zaidi, Mheshimiwa, na hapa nasema kama mtu wa Nakuru, ni kwamba viazi ni vyetu. Hutoka Molo, Elburgon, Kuresoi, Mau Narok na Njoro, katika udongo ambao majirani zetu wanauonea wivu, vikashushwa mjini kwa magunia. Na kiazi hicho kikichemshwa, kikapondwa kwa maziwa, kikachanganywa na terere zilizokatwa laini na kipande cha parachichi, huwa ni chakula cha mtoto wa miezi 7 ambacho hakuna mganga wala bibi atakayekitia dosari. Kiazi hicho hicho kikikatwa vipande vyembamba, kikazamishwa katika mafuta na kunyunyiziwa chumvi na pilipili, hurudi mtaani kikiwa kimepanda bei na kushuka hadhi. Kilichovitenga vyakula hivi viwili ni kazi: cha kwanza chataka jiko, sufuria, makaa, mtu wa kuponda na nusu saa yake, cha pili chataka sarafu tu.

Kazi hiyo ni ya nani? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara, ilhali wauguzi wa serikali hiyo hiyo humwagiza amnyonyeshe mtoto maziwa matupu miezi 6, na hesabu hizi mbili hazijapatanishwa hadi leo. Ni kweli kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Lakini mtoto hafikishwi mahali hapo kwa waraka, anahitaji mtu wa kumbeba na nauli ya kumlipia. Basi mama wa Karagita, kule Naivasha, arudipo kwenye mashamba ya maua mwezi wa nne, na mwenzake wa Kaptembwo au Rhonda atokapo alfajiri kwenda kufua nguo za watu Milimani, humwacha mtoto kwa mlezi wa mtaani, katika chumba kimoja chenye watoto wengi kuliko mikono, ambamo jiko la makaa haliwezi kuwashwa bila ya hatari na kilio cha mmoja huwaamsha wote. Huko krispi hutolewa kama ujira wa ukimya. Simlaumu mlezi yule. Ningekuwa mimi na watoto kumi na ushei na saa kumi na moja za kuwatuliza, kwa malipo yale anayopewa, nadhani ningeujua mlango wa duka vizuri kuliko yeye.

Wako watakaosema kwamba wao walilelewa kwa makoko ya ugali na chembe ya chumvi, na wamefika uzeeni salama. Nawaheshimu, lakini chembe ile ilitoka kwenye vidole vya mama aliyekuwa akimtazama mtoto, haikutoka kiwandani, wala haikuja na picha ya kumfanya mtoto alilie nyingine. Wala sisi wenye asili ya pwani tusiwacheke wa bara katika jambo hili, maana kachiri zetu za muhogo, zenye pilipili na ndimu, tumewatia wajukuu vinywani tukicheka wanavyokunja nyuso. Wengine watalilia riziki ya wakaangaji na wakulima. Nami sitaki krispi ziharamishwe. Mtu mzima na ale apendavyo jioni yake. Mkulima wa Molo hatapoteza gunia lolote ikiwa mtoto atakula kiazi chake kikiwa kimepondwa, na huenda akauza zaidi.

Sasa nije kwenye mamlaka yako. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, na katika Jedwali la Nne imezikabidhi kaunti huduma za afya, pamoja na kutoa leseni na kusimamia wanaouza chakula kwa umma, na vituo vya kulelea watoto, na elimu ya chekechea, na hata mabango ya matangazo ya barabarani. Sijui kama waandishi wa Jedwali lile walimfikiria mtoto mwenye paketi ya krispi, lakini wangemfikiria wasingeandika vinginevyo: mwenye duka, mwenye kituo na mwenye bango, wote watatu hupita mlango mmoja, na ufunguo ni wenu. Wala serikali kuingia katika kikombe cha mtoto si bidaa. Tangu mwaka 1979 watoto wa shule za msingi wa nchi hii walikunywa maziwa ya Nyayo, na wanafunzi wale, ambao leo wana mvi, wangali wanayasimulia.

Naomba basi leseni ya kituo cha kulelea watoto iwe na sharti la kwamba hakuna kitafunio cha chumvi kitakachopewa aliye chini ya miaka miwili. Na kwa kuwa sharti bila ya msaada ni dhuluma kwa mlezi maskini, Kaunti impe kile kinachomkosesha ikhtiari, yaani jiko lililo salama, na mtungi wa uji wa wimbi upikwao mahali pamoja kwa vituo kadhaa vya mtaa, gharama ambayo naamini itakuwa nyepesi kuliko ya kongamano moja la hoteli. Naomba pia mabango ya vitafunio yasisimamishwe karibu na kliniki na chekechea. Na zile krispi za mifuko isiyo na maandishi, zinazokaangwa vichochoroni, maafisa wako wa afya ya umma wachukue sampuli wazipeleke zikapimwe. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, mwendo mfupi kutoka ofisini kwako, nacho kina wasomi wa sayansi ya chakula na lishe. Matokeo yakitoka, yapelekwe kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa pamoja na ombi la kwamba paketi iandikwe chumvi kwa jina lake na kwa uzito wa paketi nzima. Afrika ya Kusini ilitunga kanuni mwaka 2013 za kuwawekea watengenezaji kikomo cha sodiamu katika mikate, krispi na vyakula vingine, zikaanza kutumika mwaka 2016, na mwaka huo huo Chile ikaanza kubandika alama nyeusi juu ya vyakula vilivyozidi chumvi, alama ambayo hata asiyejua kusoma huielewa.

Wako pia wahudumu wa afya ya jamii, waliokabidhiwa mikoba yao na Serikali mwaka 2023, ambao huingia nyumba ambazo mimi na wewe hatuingii. Waambiwe waulize neno moja zaidi wanapokifungua kijitabu cha mama na mtoto: mlezi wa mchana anampa nini? Jawabu lake haliandikwi popote kwa sasa, maana mama mwenyewe mara nyingi halijui.

Iwapo utaona vyema kunijibu, Mheshimiwa, nakuomba jawabu hilo libandikwe pale watoto wanapopimwa uzito, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwa sababu wasomaji wake watakuwa wamebeba watoto na mikono yao haitakuwa na nafasi ya kushika karatasi.

Wasalaam,

Mkaazi wa Bondeni, Nakuru