Dole Gumba Nalo Lina Haki Yake

Wazee wenzangu hapa Sekenke hushangaa wanaponisikia nikijadiliana na vijana juu ya pedi za gemu. Wanasema mwalimu mkuu mstaafu ana mambo ya maana zaidi ya kuzungumza. Mimi nasema swali la pedi ni swali la elimu, tena zito: je, chombo kimfuate mtu, au mtu akifuate chombo?

Ndugu msomaji, chukua pedi ya PlayStation. Vijiti vyake viwili vya kusukuma kwa madole gumba vimekaa chini, sambamba. Kisha chukua ile ya Xbox, iliyotoka mwaka 2001. Kijiti cha kushoto kimepandishwa juu, mahali ambapo dole gumba hufika lenyewe bila kukunjwa. Cha kulia kimebaki chini. Sasa katika gemu ya mpira dole gumba la kushoto halipumziki: ndilo linalomkimbiza mchezaji tangu mwanzo hadi mwisho. La kulia hushinda kwenye vitufe vya pasi na mashuti, na hushukia kijiti mara chache, kwa ajili ya chenga. Kazi za mikono miwili hazilingani. Kwa nini basi vijiti vilingane?

Wapo watakaojibu kwamba Sony wana sababu yao. Sababu ni historia tu. PlayStation ilipotoka Japani mwaka 1994, pedi yake haikuwa na kijiti hata kimoja. Vitufe vya mishale ndivyo vilivyokalia mahali pale pazuri. Vijiti vilipokuja mwaka 1997 vilikuta nyumba imejaa, vikapewa nafasi ya chini. Mpaka pedi ya PlayStation 5, ya mwaka 2020, vimeachwa huko huko. Nakubali kwamba kwa michezo ya zamani inayochezwa kwa mishale mpango huo unafaa. Lakini mpira hauchezwi kwa mishale siku hizi.

Wengine watasema: "Vijana wamezoea, na mabao wanafunga." Hoja hiyo naijua, nimeisikia shuleni miaka mingi. Watoto wa mkono wa kushoto walilazimishwa kuandika kwa mkono wa kulia, na wakubwa wakasema watazoea. Walizoea, ndiyo. Lakini mazoea yana taabu, na taabu ile hakuna aliyeihesabu. Kuzoea kitu si ushahidi kwamba kitu hicho ni chema.

Mchimbaji mdogo wa dhahabu hapa kwetu akinunua sururu, mpini huuchonga, akaujaribu, akaupunguza tena, mpaka umkae mkononi. Hangoji kiganja kizoee. Basi tusiwacheke vijana wanaobishana juu ya vijiti. Tuwafundishe kuuliza: nani alikipanga kitu hiki hivi, na alikuwa anaufikiria mkono wa nani? Anayeuliza hivyo juu ya pedi leo, kesho atauliza juu ya dawati, jembe na cherehani. Huyo ndiye fundi tunayemhitaji.