MOTA INAPONGURUMA BILA KUZUNGUKA

Nilipokwenda nyumbani kwa likizo nilimkuta binamu yangu, mwenye kinu cha kusaga mahindi, amesimama mbele ya mota yake kwa huzuni. Akina mama walikuwa wameketi na madebe yao wakingoja unga wa jioni. Kila alipowasha swichi, mota ilinguruma kama nyuki mzingani bila kuzunguka, kisha fyuzi ikakatika. Naye alikuwa ameshika kipande cha waya mnene wa ua, tayari kukitia mahali pa fyuzi.

Nilimwambia, "Ndugu yangu, fyuzi ni askari wa zamu. Ukimfukuza askari, mwizi hakuondoka."

Yafaa tujue sababu. Mota inapoanza hula umeme mara tano hata saba kuliko inapofanya kazi kwa kawaida, lakini kwa muda mfupi tu. Ikikataa kuzunguka, umeme ule mwingi huendelea kupita, na baada ya kitambo kidogo nyaya za ndani huungua. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuzima swichi kubwa, na kuhakikisha kwamba hapana mtu atakayeiwasha nawe umeshika mashine.

Pili, sikiliza. Mota ikiwa kimya kabisa, huenda stima haifiki: tazama fyuzi, swichi, na kile kifaa kinachokata umeme mota ikipata joto. Kiache kipoe ndipo ukirudishe. Kikikata tena, tafuta kisa chake.

Mota ikinguruma, stima yafika, lakini nguvu ya kuanza haitoshi. Hali umeme umezimwa, vua mkanda, kisha uzungushe mhimili wa mota kwa mkono. Ukiwa mzito, huenda beringi zimekufa. Ukiwa mwepesi, jaribu upande wa kinu.

Ikiwa pande zote ni nyepesi, kosa huwa katika umeme. Mota ya volti 240 ya fezi moja mara nyingi ina kapasita, mfano wa kikopo kidogo, ambayo huisukuma ianze. Ikiharibika, mota hunguruma tu. Usiiguse, kwani huweza kuhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa, mwachie fundi. Mota ya volti 415 hutumia fezi tatu, nayo ikikosa moja hunguruma vivyo hivyo. Basi fyuzi zote tatu zipimwe.

Tulipovua mkanda, mota ilizunguka bila taabu, ila kinu kilikataa. Tulipokifungua tuliona mahindi mabichi yameshindiliwa ndani, kwa maana jana yake binamu alikizima kabla hakijamaliza kusaga. Tulisafisha, tukatia fyuzi ya kipimo chake, tukawasha kinu kikiwa kitupu, na mahindi yakafuata baadaye. Akina mama walipata unga kabla ya magharibi.

Ndipo binamu aliponiambia kwamba asubuhi ile alitaka kuuvuta mkanda kwa mkono huku stima imewashwa, ili kuisaidia mota. Nilinyamaza nikaitazama mikono yake. Mota iliyoungua yaweza kusukwa upya. Kidole kilichokatika hakisukwi. Haraka haraka haina baraka.