Tuwafunze vijana adabu ya simu ya upepo

Siku moja, katika mashindano ya riadha ya shule za hapa Eastlands, nilikabidhiwa simu ya upepo, ile redio ndogo ya mkononi wanayoibeba askari na walinzi. Mwanafunzi akazimia karibu nami. Nilibonyeza kitufe na papo hapo nikapaaza sauti: "Lango la nyuma! Mtoto amezimia!" Kisha nikaendelea kukibana kitufe nikisubiri jibu. Wahudumu walisikia "Mtoto amezimia" tu. Walipouliza ni wapi, sikuwasikia, kwani chombo hicho hakipokei sauti wakati kitufe kimebanwa. Mtoto alipona, lakini aibu ile sijaisahau.

Makosa yangu yangaliepukwa kwa somo la nusu saa. Sikiliza kwanza iwapo njia ni tupu. Bonyeza, tulia kwa sekunde moja, ndipo useme, maneno ya kwanza yasikatwe. Mtaje unayemwita, nawe ujitaje. Sema kwa ufupi, malizia kwa "ova", kisha achilia kitufe. Anayepokea naye aurudie ujumbe, ili kosa likiwapo ligunduliwe mapema.

Kwetu sisi mafunzo haya si anasa. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Huruma mwezi wa Aprili 2016, watu wapatao 50 walifariki. Gesi ilipolipuka Embakasi mwezi wa Februari 2024, moto uliwakuta watu majumbani usiku. Katika msiba wa aina hiyo kila mtu hupiga simu, na mitandao hulemewa. Hapo ndipo simu ya upepo hufaa. Lakini ukitaja "Umoja" pekee, mwokoaji atauliza: Umoja ya Kwanza, ya Pili, au Innercore?

Wapo watakaosema kwamba vyombo hivi ni ghali, na kwamba masafa yake yahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ni kweli. Hata hivyo, adabu haihitaji leseni. Mwalimu wa skauti aweza kuwaweka wanafunzi wawili wakipeana mgongo, kila mmoja na kipande cha mti mkononi, wapashane habari kwa zamu. Maskauti wa dunia nzima huzungumza kwa redio kila Oktoba; wetu nao wajiandae.

Walimu wenzangu, tumezoea kuwafundisha watoto kusema. Tuwafundishe pia kuachilia kitufe, wamsikie mwenzao.