Ningu wa Mto Gucha

Mkulima wa Nyamarambe anunuapo samaki sokoni aweza kudhani kwamba Ziwa Victoria li mbali naye, na ya kuwa habari za nyavu ni shauri la wavuvi wa Kijaluo peke yao. Dhana hiyo si kweli. Mto Gucha, ambao Wajaluo huuita Kuja, huanza katika vilima vya Nyamira, ukapita katika nchi ya Wagusii, kisha ukaingia ziwani upande wa Migori. Maji hushuka kwa njia hiyo, na samaki nao hupanda kwa njia hiyo hiyo.

Samaki apandaye huitwa ningu. Makao yake ni ziwani, lakini mvua zinyeshapo na mito ikafurika, huenda mtoni kwa makundi, akataga mayai penye majani yaliyofunikwa na maji. Zamani watu walimngojea kwa mitego ya fito na vikapu. Ndipo zikaja nyavu za kigeni, zilizoanza kutumiwa ziwani mwaka 1905.

Mwaka 1927 na 1928 Bwana Michael Graham alitumwa kulichunguza ziwa. Aliona ngege wanapungua, akashauri kwamba tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5. Lakini ningu ni samaki mdogo kuliko ngege, na wavuvi walimtegea nyavu za tundu dogo penye milango ya mito. Hapo alinaswa jike mwenye mayai kabla hajataga. Mvuvi alidhani amepata samaki mmoja. Kumbe ametwaa na watoto wake wote. Kufikia miaka ya 1960 ningu walikuwa wamepungua mno.

Wako wasemao kwamba sangara ndiye mwenye kosa. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950, naye hakuenea kwa wingi upande wa Kenya mpaka karibu na mwaka 1980. Wakati huo ningu alikuwa amekwisha kuwa haba. Basi lawama ya kwanza ni ya binadamu.

Wala mkulima asijitoe katika lawama. Alimapo mpaka ukingoni mwa mto, mvua huchukua udongo wa shamba lake, maji yakawa matope. Hivyo hupoteza rutuba yake mwenyewe, na samaki hupoteza mahali pa kutagia. Afadhali aache ukanda wa majani penye ukingo, naye atakata chakula cha ng'ombe humo.

Ziwa ni mali ya wote, na mali ya wote huhesabiwa na wachache. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mvuvi wa mlangoni na mkulima wa mlimani wote wamo katika daftari moja.