Taya la Uraha na Mafundisho ya Kipaimara

Ng'ambo ya mto Songwe, katika wilaya ya Karonga, Malawi, kuna mahali paitwapo Uraha. Mwaka 1991 lilipatikana huko taya la binadamu wa kale aitwaye Homo rudolfensis, lenye umri wa takriban miaka milioni 2.4. Lakini huku kwetu Kyela wapo wahubiri wanaosema kwamba anayekubali habari kama hizo ameikana Biblia.

Mifupa mingi humalizwa na fisi na jua. Hupona ule unaofunikwa mapema na tope. Maji yenye madini huupenya polepole mpaka unakuwa jiwe, ndicho kisukuku. Mkulima wa mpunga wa Talatala anayeona mafuriko yakiacha tope jipya juu ya la mwaka jana anaijua tayari hatua ya kwanza.

Tena aliyeandika, mwaka 1669, kwamba tabaka la chini ndilo lililotangulia, baadaye alikuwa askofu wetu: Nicolaus Steno wa Denmark, aliyetangazwa Mwenyeheri mwaka 1988. Papa Pius XII naye, katika Humani Generis (1950), hakukataza kuchunguza asili ya mwili wa binadamu. Alishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja.

Kwa nini makatekista wasiyafundishe haya? Kijana akilazimishwa kuchagua kati ya Biblia na somo la biolojia, naogopa tutampoteza sisi. Karonga kuna makumbusho. Parokia inayokodi basi la hija inaweza kuwapeleka huko vijana wa Kipaimara, wakiwa na vibali vya mpakani, bila shaka.