Nani kasema ajali haina kinga?

  Kuna neno limenikaa kooni tangu Jumamosi na leo nalitema hapa hapa.

Siku hiyo nilikuwa kijiweni na masela, tunapiga stori na kahawa. Akaja dogo mmoja wa mtaani kwetu. Kanunua gari juzi juzi, na silensa keshaitoboa, inanguruma kama trekta. Akanivuta pembeni: "Braza, usiku njoo uone mambo. Tunapiga ligi kule kwenye lami mpya, gari mbili mbili, nani zaidi!"

Nikamwuliza nani anawaanzisha. Akasema yuko mshikaji anasimama katikati ya barabara na kupunga tochi ya simu. Nikamwuliza, je, likitokea la kutokea? Dogo akacheka. "Aa, braza nawe! Ajali haina kinga. Siku yako ikifika, imefika."

Wazee waliokuwa wakicheza bao pale wakatikisa vichwa kuunga mkono. Mimi nikanyamaza. Si kwamba sikuwa na jibu. Jibu ninalo, ila ni refu na halitoshi kwenye kikombe kimoja cha kahawa. Jibu langu ni jamaa mmoja aitwaye Mike Sorokin.

Humjui? Usijali, wengi hawamjui. Ngoja nikupe stori yake, lakini tuanzie mbali kidogo.

Baada ya vita kuu ya pili, vijana wa California kule Marekani walikuwa kama dogo wetu huyu. Walinunua mikweche ya bei chee, wakang'oa kila kinacholeta uzito, wakaichokonoa injini, na usiku wakakutana barabarani kuoneshana ubabe. Matokeo unayajua. Watu walikufa, polisi wakawakimbiza, na magazeti yakawaita wahuni.

Ndipo watu wenye akili wakakaa chini. Mwaka 1950 mbio zikahamishiwa kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana, mahali penye lami iliyonyooka na pasipo na mama anayevuka na mtoto mgongoni. Mwaka 1951 Wally Parks, mhariri wa jarida la Hot Rod, akaanzisha chama cha NHRA. Hoja yake ilikuwa rahisi: kama vijana hawaachi kukimbizana, basi wapewe mahali, wapewe sheria, na magari yao yakaguliwe kwanza. Mwaka 1955 chama hicho kikafanya mashindano yake ya kwanza ya taifa, mjini Great Bend, jimbo la Kansas.

Mchezo wenyewe ukaitwa dragi. Magari mawili yanasimama sambamba, yanaruhusiwa, na wa kwanza kumaliza robo maili ndiye bingwa. Robo maili ni kama mita 400, tuseme viwanja vinne vya mpira. Mwanzoni aliyeanzisha mbio alikuwa mtu na bendera yake, kama yule mshikaji wa tochi. Kuanzia mwaka 1963 zikaja taa za rangi zilizopangwa juu ya nguzo, wakazibatiza jina la mti wa Krismasi.

Sasa sikia gari lenyewe. Katika miaka ya 1960 magari ya daraja la juu yalikuwa mabomba marefu membamba, injini mbele, dereva nyuma kabisa, nyuma hata ya matairi makubwa. Waliliita "slingshot", yaani manati, kwa sababu dereva alikaa kama jiwe kwenye ngozi ya manati. Miguu yake aliitanua, mmoja kushoto na mwingine kulia, na katikati ya miguu hiyo kulikuwa na diferensha. Mbele kidogo tu, karibu na nyayo zake, ilikuwa klachi. Shika hapo kwenye klachi, tutaparudia.

Mafuta yake hayakuwa petroli. Ilikuwa nitromethani, kimiminika ambacho ndani yake kimebeba oksijeni yake chenyewe, kwa hiyo injini inaweza kuchoma mafuta mengi mno kwa hewa ile ile. Nguvu yake ilitisha kiasi kwamba mwaka 1957 NHRA iliipiga marufuku, ikaja kuirudisha miaka ya 1960. Kufika mwaka 1967 magari haya yalimaliza robo maili kwa sekunde 7 hivi, yakipita mwisho kwa zaidi ya kilomita 350 kwa saa. Yaani wewe unatafuta njugu mfukoni, mwenzako keshafika na kufungua parashuti ya kumsimamisha.

Basi, kulikuwa na washikaji watatu wa California, timu yao ikiitwa Surfers. Mafundi walikuwa Tom Jobe na Bob Skinner, dereva ndiye huyo Mike Sorokin. Hawakuwa na mapesa wala karakana ya kutisha, ila walikuwa na vichwa. Wakati wengine wanazimua nitro kwa alkoholi ili injini isipasuke, hawa waliitia karibu tupu, na injini yao ikavumilia. Machi 1966 walikwenda Bakersfield, kwenye mashindano makubwa ya manati hizo yanayoitwa March Meet, wakawanyoosha vigogo wote na kuondoka na ubingwa. Vijana wa mtaani wameangusha matajiri! Hadi leo wapenzi wa mchezo huo wakiwataja Surfers wanatabasamu.

Baadaye timu ikavunjika kwa amani, mafundi wakashika mambo mengine. Sorokin yeye alikuwa dereva, akaendelea kuendesha magari ya watu wengine. Nyumbani alikuwa na mke na mtoto mdogo wa kiume, Adam.

Tarehe 30 Desemba 1967, siku moja kabla ya mkesha wa mwaka mpya, Sorokin alikuwa Orange County International Raceway. Kiwanja hicho kilikuwa kimefunguliwa mwaka huo huo na kilisifiwa kwa usasa wake. Hakikuwa kichochoro. Gari lilikaguliwa, dereva alikuwa bingwa na alijifunga mikanda.

Katikati ya mbio, klachi ikapasuka.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo penyewe. Miaka hiyo matairi yalikuwa yameboreka na kushika lami vizuri. Mafundi wakagundua kwamba ukiiacha klachi iteleze kidogo, badala ya matairi kuteleza, gari linakwenda kasi zaidi. Lakini klachi inayoteleza inapata moto, kama breki za lori linaloteremka mlima Kitonga. Sasa chukua pleti za chuma zenye joto kali, zizungushe maelfu ya mizunguko kwa dakika, halafu moja ichoke. Haivunjiki kistaarabu. Inageuka msumeno. Kasha la chuma lililoizunguka lilitakiwa kuzuia vipande, ila makasha ya wakati ule hayakuwa na ubavu huo.

Vipande vilikata gari la Sorokin vipande viwili. Dereva, ambaye alikuwa amekaa pale pale lilipokatikia, hakupona.

Kama falsafa ya dogo wetu ni ya kweli, stori ingeishia hapo. Siku yake ilifika, tumzike, tuendelee. Na kusema kweli, kwa muda ilikuwa karibu hivyo hivyo. Mwaka 1969 kwenye US Nationals, Indianapolis, dereva mwingine wa California, John Mulligan, alipasukiwa na klachi, gari likashika moto, naye akafariki hospitalini wiki chache baadaye. Hatari ile ile, kwenye kiti kile kile. Unaona? Ukishasema ajali haina kinga, huna sababu ya kuitafuta hiyo kinga, na mwenzako anafuata njia ile ile.

Tarehe 8 Machi 1970 zamu ikamwangukia Don Garlits, mkubwa wao wote, katika kiwanja cha Lions, California. Safari hii ilikuwa giaboksi. Ilipasuka, gari likakatika mara mbili, na sehemu ya mguu wake wa kulia ikaenda. Lakini Garlits alipona, na akiwa kitandani hospitalini alikuwa na swali moja: hivi kwa nini tunakaa nyuma ya kitu kinachotuua? Akatengeneza gari ambalo injini iko nyuma ya dereva. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake, wengi wakacheka na kusema halinyooki. Mwaka 1971 akashinda nalo Winternationals kule Pomona. Vicheko vikaisha. Baada ya miaka michache manati zikawa zimeondoka kwenye daraja la juu.

Na lile kasha la klachi je? Likaundwa upya kwa vifaa imara zaidi. Mwaka 1978 ikaanzishwa taasisi ya SFI, ambayo kazi yake ni kuweka viwango vya vifaa vya usalama vya mbio: kasha, mikanda, nguo za kuzuia moto. Kifaa kinakuwa na kibandiko chenye tarehe. Muda ukipita, hata kama kinang'aa, kinarudi kukaguliwa. Huna kibandiko, huchezi, hata uwe mtoto wa nani.

Wala hawajamaliza. Tarehe 21 Juni 2008 dereva Scott Kalitta alifariki huko Englishtown, New Jersey, gari lake liliposhindwa kusimama mwisho wa kiwanja. Ndani ya wiki chache NHRA ikafupisha mbio za magari ya nitro kutoka robo maili hadi futi 1,000, kama mita 305. Utamu wa mchezo wa zaidi ya nusu karne wakaukata ili dereva apate nafasi ya kusimama.

Nimalizie na yule mtoto. Adam Sorokin alikua bila baba. Ungetegemea achukie magari hadi kaburini, na nani angemlaumu? Lakini wapo watu wanaofufua manati za zamani na kushindana nazo, injini mbele, dereva nyuma, klachi miguuni. Adam akawa mmoja wa madereva wao. Na mwaka 2010, pale pale Bakersfield, kwenye March Meet ile ile, akachukua ubingwa. Miaka 44 baada ya baba yake.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliganda. Mtoto amekaa kwenye kiti kilichomuua baba yake, na klachi iko mahali pale pale. Kichaa? Hapana. Kiti ni kile kile, ila kasha si lile. Katikati ya miguu ya Adam kulikuwa na chuma ambacho baba yake hakuwa nacho, na chuma hicho kiliwekwa pale na watu waliogoma kusema siku yake ilifika.

Hilo ndilo jibu langu kwa dogo. Ajali ina kinga, tena kinga nyingine unaweza kuishika kwa mkono na kuipima unene. Msiba wa Sorokin na wa Mulligan ndio uliowafundisha wenzetu wapi pa kuiweka. Sisemi ajali zimekwisha, maana kifo cha Kalitta kinatuumbua. Nasema kila iliyotokea iliulizwa swali, na jibu likaandikwa kuwa sheria.

Sasa nikirudi kwenye ile lami mpya, naona nini? Hakuna mkaguzi, hakuna kofia ngumu, hakuna gari la zimamoto wala la wagonjwa. Kuna tochi ya simu, na kuna dada anayerudi kutoka kazini usiku ambaye hakuandikishwa kwenye ligi ya mtu. Ikitokea ajali pale watu watapiga picha, watalia, watazika, na Jumamosi inayofuata mshikaji wa tochi atasimama tena pale pale. Sorokin alikufa akakiacha kiti salama zaidi kwa mwanawe. Wewe dogo ukifa pale, utamwachia mwanao nini?

Sikupandi kichwani, msomaji wangu. Hata mimi mngurumo wa injini unanisisimua, na kijana kupenda mbio si dhambi. Kama mnapenda kweli, fanyeni kama wale wa Santa Ana. Jikusanyeni, ombeni kiwanja, tafuteni fundi wa kuwakagua, kubalini kuambiwa "wewe leo huingii".

Juzi nilimsimulia dogo haya yote, mwanzo hadi mwisho. Hakucheka. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Braza, hivi kasha la klachi la gari langu linakaaje?" Nikamwambia twende gereji tukamwulize fundi. Tukaenda. Ligi ya Jumamosi hii sijui kama ataikosa, ila silensa amekubali kuiziba, na kwangu huo ni mwanzo.

Haya, kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.